Maharage ya Mshona Vitabu

Kwa miaka ishirini na tatu ya ndoa yake, mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni hakuwahi kumwonea mwanamke yeyote wivu. Si kwamba alikuwa na moyo wa malaika. Alikuwa na sababu mbili nzuri tu. Ya kwanza, mumewe hakuwa mtu wa kugombaniwa: mnene, mpole, mkata karatasi katika kiwanda cha uchapaji, mwenye kukoroma hadi vioo vya dirisha vinatetemeka. Ya pili, mwanamume yule hakuwahi kula chakula cha mtu mwingine akakifurahia. Wakialikwa mahali atakula kwa adabu, lakini njiani wakirudi atamnong'oneza mkewe, "Mama watoto, nyumbani kuna kiporo chochote?" Kwa mwanamke anayepikia watu mia moja na arobaini kila siku, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Kijiko kwa sababu ya kijiko cha kuonjea kilichokaa mfukoni mwa aproni yake, maneno hayo yalikuwa mapenzi tosha.

Kisha mkata karatasi akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Akakonda uso, macho yakawa yanaona ukungu, akakosea kukata karatasi mara mbili katika wiki moja, jambo ambalo halijawahi kumpata. Hospitali walimtoboa kidole, wakasoma kipimo, wakatazamana. Sukari ilikuwa juu. Presha nayo ilikuwa juu. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti kavu kama ya mwalimu wa hesabu, aliandika dawa huku akieleza.

"Nyama nyekundu, punguza. Mafuta, punguza. Chumvi, punguza. Wali na mkate visijaze sahani, nusu nzima iwe mboga. Na hiki kidonge kidogo cheupe kinashusha sukari kwa nguvu, usikimeze kama chakula hakipo mbele yako. Halafu ukibadilisha ulaji wako, njoo uniambie, maana dawa inakwenda na chakula. Mmenisikia wote wawili?"

Walisema wamesikia. Mkewe kwa kweli alisikia neno "punguza" tu, na kila lilipotajwa aliona linamlenga yeye. Nani mwingine aliyemjaza mafuta mtu huyu? Nani aliyekuwa akimwekea vipande viwili vya nyama ya mbavu, cha tatu akakificha chini ya wali ili akikute mwenyewe na kutabasamu?

Alijitahidi. Badala ya vipande vitatu aliweka viwili. Mafuta alipunguza kijiko kimoja. Baada ya miezi miwili kipimo kilikuwa kimeshuka kidogo sana, na mkata karatasi akawa anarudi nyumbani mabega yamemlegea, anakaa kitini na viatu vyake miguuni.

Siku moja alirudi amechangamka. Hata viatu alivua mwenyewe akaviweka mahali pake.

"Mama watoto, naacha nyama."

"Unapunguza."

"Naacha kabisa. Na samaki, na kuku. Nitakula maharage, dengu, kunde, mboga, matunda kidogo. Kuna dada mmoja kazini, yule anayeshona vitabu. Ana sukari kama mimi. Mwaka wa sita huu hajagusa nyama, na vipimo vyake ukiviona utadhani ni vya mtoto wa shule."

Mpishi alikuwa anamenya vitunguu. Hakuinua macho. "Dada gani? Hujawahi kunitajia dada wa vitabu."

"Nilikuwa simjui vizuri. Yuko chumba cha nyuma. Nilipoanza kutembea na kipimo changu cha sukari akakiona, akanionyesha chake. Basi tukaanza kuzungumza."

Tukaanza kuzungumza. Maneno yale mawili mpishi aliyabeba hadi jikoni, akayatafuna akiwa peke yake, na hayakulainika.

Wiki iliyofuata mkata karatasi alirudi na kibakuli cha plastiki chenye kifuniko cha kijani. Ndani kulikuwa na maharage, yamebaki kiasi cha kiganja. "Kanipa nionje, nikakubakizia na wewe," alisema, kwa furaha ya mtu anayeleta zawadi.

Alisubiri mumewe aende kuoga ndipo akatoa kijiko chake. Aliomba moyoni yawe mabaya. Maharage ya wagonjwa anayajua, aliwahi kuyala hospitalini alipojifungua: maji, rangi ya matope, huzuni tupu. Akaonja. Akaonja tena. Vitunguu vilikuwa vimekaangwa taratibu hadi vimegeuka kahawia, kwa mafuta ambayo hayakuzidi kijiko. Tangawizi ilikuwapo, lakini nyuma, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Chumvi karibu hakuna, na mahali pa chumvi ilikuwa imekamuliwa ndimu, mwishoni kabisa, baada ya moto kuzimwa. Miaka yote ile ya upishi, hajawahi kufikiria kuiweka ndimu mahali pa chumvi.

Kama mwanamke yule angekuwa mzuri wa sura, mpishi angejua la kufanya. Angejipaka mafuta, angevaa gauni lake la bluu, angejikaza kisabuni. Lakini huyu alikuwa ameingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa amekaa mahali pake hasa.

Alikiosha kile kibakuli kwa hasira hadi kifuniko kikapauka.

Kuanzia hapo akaanza kupika vya mboga kwa kisirani. Alipika dengu, alipika biringanya, alipika kunde kwa karoti, akarudi kwenye maharage. Lakini mkono wake ulikuwa umezoea kuegemea nyama, na kila chungu kilichotoka kilikuwa kama kiti chenye mguu mmoja mfupi. Mumewe alikula vyote, akafuta sahani, akasema, "Nayo ni matamu."

Nayo! Neno dogo lile lilimkata maini. Nayo, kwa maana kuna mengine. Nayo, kwa maana kuna mahali pengine panapopikwa, na hapa tunaambiwa tusikate tamaa.

Halafu wifi yake akaja kuwatembelea. Huyu alikuwa dada yake mkata karatasi, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. Alimzunguka kaka yake kama mtu anayenunua kabati.

"Jamani kaka! Umekuwa kijana! Tumbo limekwenda wapi? Shingo imerudi! Wifi, umemfanya nini?"

"Anakula mboga," mpishi akajibu.

"Hongera wifi yangu. Mikono yako ibarikiwe."

Mkata karatasi, kwa unyofu wake, akaona si haki mtu mwingine kukosa sifa yake. "Si yeye peke yake. Mchana nakula kwa dada mmoja kazini. Ana mkono huyo, we acha tu."

Wifi alimgeukia mpishi polepole, akainua nyusi zote mbili, akazishusha. Alipokuwa akiaga mlangoni ndipo akamshika mkono na kumwambia kwa sauti ya chini, "Wifi, mimi simo. Lakini mwanamume akinenepa ni wako. Akikonda akapendeza, jiulize ni wa nani."

Siku ya pili yake, kantini, kulikuwa na sufuria kubwa ya mifupa ikichemka kwa ajili ya mchuzi wa wafanyakazi. Mpishi aliitazama ile supu ilivyokuwa inameta juu. Alijaza chupa moja, akaifunga vizuri, akaiweka katika mkoba wake chini ya kanga ya kujifutia jasho. Jioni aliyachemsha maharage ya mumewe kwa supu hiyo, akaiengua mafuta yaliyoelea, akamalizia kwa ndimu.

Mkata karatasi alikula kijiko cha kwanza akatulia. Cha pili akafumba macho. "Mama watoto," alisema, "leo umempita."

Furaha iliyompata mpishi ilikuwa kubwa kiasi kwamba ilibidi aende jikoni akasimame mbele ya sinki. Alicheka peke yake, mkono mdomoni. Kisha kicheko kikakata, akabaki anatazama ile chupa tupu. Mumewe alikuwa na siku arobaini na moja tangu aache nyama. Alikuwa anazihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, kama mtoto anayesubiri likizo. Kesho yake asubuhi akaweka alama ya arobaini na mbili, na mkewe akamtazama akiiweka, akaendelea kukoroga uji.

Alirudia hadi zikatimia siku tisa.

Siku ya kumi aliomba ruhusa ya saa moja akaenda kiwanda cha uchapaji wakati wa chakula cha mchana. Alijiambia anampelekea mumewe mwavuli, ingawa jua lilikuwa linawaka. Alipita kwenye mashine kubwa ya kukatia karatasi, imezimwa, na marundo ya karatasi nyeupe yaliyopangwa sawasawa hadi kiunoni mwake. Mwisho wa ukumbi palikuwa na chumba kidogo chenye harufu ya gundi. Mlango ulikuwa wazi nusu.

Mwanamke aliyekuwa ndani alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, vidole viwili vimezungushiwa plasta kwa ajili ya sindano. Hakuwa na uzuri wowote wa kutisha. Mbele yake alikaa mkata karatasi. Meza ilitandikwa gazeti, juu yake mabakuli mawili, na katikati ya mabakuli vipimo viwili vya sukari.

"Haya, wewe kwanza," alisema mshona vitabu.

Mkata karatasi akatoboa kidole, akasubiri. "Sita nukta nane!"

"Mwongo!"

"Tazama mwenyewe!"

Yule mwanamke akatoboa chake. "Saba nukta moja. Haya, leo umenishinda, ndizi yangu chukua." Wakacheka wote wawili kama watu wanaocheza karata. Kisha mshona vitabu akampa kipande cha pamba, na mkata karatasi akakibana kwenye kidole chake bila kutazama, kama mtu aliyezoea.

Mpishi alisimama nje ya mlango, mwavuli mkononi. Nyumbani mumewe hujipima chooni, mlango umefungwa, akitoka anasema "si mbaya". Damu yake hajawahi kuiona. Hapa alikuwa anaitoa mezani na kuitania. Mpishi alikuwa mzima wa afya, hana sukari wala presha, na kwa dakika ile alijikuta anauonea wivu ugonjwa. Kama angekuwa nao, hata kidogo tu, naye angekaa pale mezani.

Mshona vitabu akamwona. "Karibu, karibu! Bila shaka wewe ni wifi yangu."

Wifi? Nani kakupa udada? Lakini mdomoni yalitoka mengine. "Asante, sikai. Nimeleta mwavuli."

Mkata karatasi alitazama dirishani, jua limejaa, akatazama mwavuli. "Asante mama watoto," akasema.

Asubuhi iliyofuata uji wa shayiri ulikuwa jikoni unachemka. Mkata karatasi alikuwa anafunga vifungo vya shati, kidonge cheupe kimekwisha kuwekwa mezani kando ya glasi ya maji.

"Nilikuwa nafikiri," alisema, "kwa kuwa mmeshaonana, ungemwuliza yule dada anavyofanya zile dengu zake. Zako huwa..." Akatafuta neno. "Huwa zinakauka kidogo."

Mpishi aliuzima moto. Siku tisa za supu ya mifupa, wiki nyingi za nayo na nayo, ndizi ya jana, pamba ya jana, vyote vilimpanda kichwani kwa pamoja.

"Kwa nini nimwulize? Si anakupikia? Basi nenda akupikie na cha asubuhi! Nenda ukale huko uji wake, naona huo hautakauka!"

"Mama watoto, nimesema kosa gani?"

"Hujasema kosa. Wewe husemi kosa kamwe. Nenda!"

Aliumwaga uji wote ndani ya ndoo ya taka, mbele ya macho yake. Mkata karatasi hakuwa mtu wa kugomba. Alichukua kidonge, kwa mazoea tu, akakimeza kwa maji, akabeba mfuko wake akatoka. Mpishi alikiona kidonge kikiingia mdomoni. Maneno ya daktari yalimjia wazi kabisa, kwa sauti ile ile kavu. Angeweza kumwita, mumewe alikuwa bado anafunga mlango wa nje, mwendo wake ni wa polepole. Hakumwita. Alisema moyoni, atakula kwake huyo.

Simu ilikuja saa tano kasoro, akiwa anakatakata kabichi. Ilikuwa sauti ya mwanamke. "Wifi, njoo kazini kwetu sasa hivi. Kaka ameanguka, lakini yuko hai, ananisikia. Gari la hospitali linakuja."

Alikimbia na aproni yake. Kumbe mkata karatasi alikuta kazi ya haraka inamsubiri, akasema atakula baadaye, na chumba cha nyuma hakwenda kabisa kwa sababu aliona haya baada ya ugomvi ule. Alianza kutetemeka. Akatokwa jasho kama mtu aliyemwagiwa maji. Wenzake walipomwuliza hali, akawajibu maneno yasiyoeleweka, kama mlevi. Bahati nzuri alianguka baada ya kuizima mashine. Waliokuwapo walianza kumpepea; mmoja akasema apewe nafasi alale. Mshona vitabu ndiye aliyefika mbio, akamshika shavu, akapiga kelele, "Asilale! Bado anameza? Mleteni maji na sukari!"

Mpishi alipoingia alimkuta mumewe ameketi sakafuni juu ya karatasi zilizotawanyika, mgongo wake umeegemea kifua cha yule mwanamke, midomo yake ina chembechembe za sukari. Mshona vitabu alikuwa amemzungushia mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ameshika kikombe. "Kunywa tena kaka. Kidogo kidogo. Hivyo hivyo."

Jambo la kwanza lililompata mpishi halikuwa hofu. Miaka mingi baadaye, akisimulia, alikuwa halifichi. Jambo la kwanza lilikuwa kuuona ule mkono umemzunguka mumewe, na kutaka kuung'oa. Hofu ilikuja nyuma yake, na aibu ikaja nyuma ya hofu.

"Asubuhi alikula nini?" mshona vitabu akamwuliza, kwa ukali.

Mpishi aliinama akaanza kuokota karatasi sakafuni.

"Nilichelewa mwenyewe," mkata karatasi akasema, ulimi mzito bado. "Kosa langu. Uji ulikuwapo."

Afadhali angemtukana.

Hospitalini daktari kijana alimpima, akamweka kitandani hadi alasiri, kisha akawaita wote wawili. Aliuliza maswali mfululizo. Umepungua kilo ngapi? Tisa. Unakula nini? Akaelezwa. Tangu lini? Akaelezwa. Akaiweka kalamu chini.

"Dawa niliyokupa ilikuwa ya mtu mwingine. Mtu mwenye kilo tisa zaidi, anayekula mbavu na wali. Mtu huyo hayupo. Ulaji wako mpya ni mzuri, mimi mwenyewe nakusifu, lakini ulitakiwa urudi tuipunguze dawa. Sukari ilikuwa inashuka kwa chakula, na dawa inaisukuma zaidi. Leo ukaimeza juu ya tumbo tupu." Akamgeukia mpishi. "Mama, wewe ndiye unayempikia. Niambie kila kitu, hata kijiko cha chumvi. Nataka kupanga upya, sitaki kubahatisha."

Mpishi alitazama mikono yake. Ilinuka kabichi.

"Asubuhi uji niliumwaga mimi," alisema. "Kwa hasira. Na kidonge nilimwona akikimeza. Halafu yale maharage. Nilikuwa nayapika kwa supu ya mifupa. Siku tisa."

Daktari akaandika, bila kuinua uso. Mkata karatasi alimgeukia mkewe.

"Ile siku niliyokuambia umempita?" akauliza.

"Ndiyo. Ilikuwa siku ya kwanza."

"Nilifurahi sana siku ile," alisema polepole. "Si kwa ajili ya maharage. Nilidhani umekubali. Nilidhani sasa tuko pamoja katika jambo hili."

Hakusema zaidi ya hapo, wala hakusema zaidi kwa siku tatu. Dawa ilipunguzwa nusu. Alikula alichowekewa, akashukuru, akaenda kulala. Kalenda hakuigusa. Siku ya nne mpishi aliikuta imetundikwa upya, alama zote nyekundu zimefutwa kwa kalamu nyeusi, na chini yake imeandikwa moja, hesabu imeanza upya. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akalia, kisha akanawa uso, akaondoka kwenda kiwanda cha uchapaji.

Mshona vitabu alikuwa anapitisha uzi kwenye kurasa za kitabu kinene cha kumbukumbu za shule. Hakusimama. "Karibu wifi. Safari hii bila mwavuli."

"Nimekuja kukushukuru," mpishi alisema, akiwa amesimama wima kama askari. "Ulimwokoa. Mimi nusura nimuue. Nimekuja pia kukuomba unifundishe. Zile dengu. Yale maharage. Vyote."

Mshona vitabu alivuta uzi hadi ukakaza. Akaukata kwa meno. "Hapana."

"Hapana?"

"Kaa kwanza. Nikwambie ukweli, kwa kuwa na wewe umenambia wako." Alivua miwani. "Tangu mume wangu afariki nimekula katika chumba hiki peke yangu miaka sita. Watu wakiona bakuli langu walikuwa wananicheka: majani, majani. Akaja huyu mumeo, akaonja, akasema ni matamu. Siku ya pili nikapika zaidi. Siku ya tatu nikaamka mapema kumpikia. Simtaki mumeo, wifi. Anakoroma hata akisinzia kitini. Lakini nilitaka kusifiwa, hilo silikatai. Na nilikuwa nakuchukia kidogo."

"Mimi? Mimi nimekukosea nini?"

"Kila bakuli! Kila bakuli anakula nusu halafu anasema, mke wangu hapa angetia bizari, mke wangu vitunguu huwa anavikata hivi. Mke wangu, mke wangu. Nimepika mimi, anasifiwa wewe! Sasa nikikufundisha, ataacha kula hapa, nami nitabaki na gazeti langu. Kwa hiyo hapana."

Kicheko kikamtoka mpishi, kibaya, cha puani, kisichotarajiwa. Mshona vitabu alijaribu kununa akashindwa. Lakini walipokwisha kucheka hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Walitazamana kama wanawake wawili sokoni walioshika fungu moja la mboga.

"Atakula hapa siku mbili kwa wiki," mpishi akasema.

"Tatu."

"Moja. Jumatano. Na unifundishe."

"Jumatano, na nakufundisha dengu tu. Maharage ni yangu."

"Maharage nimeshayajua. Ndimu, baada ya kuzima moto."

Mshona vitabu alimkodolea macho, akavaa miwani yake tena. "Lo! Na tangawizi?"

"Inakaangwa mwishoni mwa vitunguu, si mwanzoni."

"Kumbe wewe ni mtu hatari," mshona vitabu alisema, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na heshima katika sauti yake.

Miezi ilipita. Daktari alipunguza dawa mara nyingine tena, akaonya kwamba sukari haijaondoka, imetulia tu, na vipimo viendelee. Mkata karatasi akawa anajipima mezani, mbele ya mkewe. Mpishi ndiye aliyeomba, na mara ya kwanza alipoliona lile tone la damu aligeuza uso, mara ya pili akashika pamba. Kantini nako alianza kupika chungu kimoja kisicho na nyama. Wiki ya kwanza walikila watu wanne. Baadaye wakawa wengi hadi akalazimika kuleta sufuria kubwa zaidi. Yeye mwenyewe hakuacha nyama. Alijaribu siku sita akamwambia mumewe kwamba hatamdanganya mtu, kazi hiyo haiwezi, na mkata karatasi akacheka kwa sauti, kicheko cha zamani, akasema hakuna aliyemwomba.

Jumatano, hata hivyo, hazikuwa rahisi. Kila Jumatano, ikikaribia saa saba, popote alipokuwa jikoni pale, mpishi alihisi kitu kinamchoma chini ya ubavu. Alikuwa anasugua sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na wasaidizi wake walijifunza kutomsemesha hadi saa nane ipite.

Jumatano moja mkata karatasi aliingia nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyeshiba vizuri, akitembea kwa wepesi, akipiga mluzi bila kujua. Alipomwona mkewe mlangoni, mluzi ukakatika.

"Kulikuwa na nini leo?" mpishi akauliza.

"Ah, vitu vya kawaida tu."

"Vilikuwa vizuri?"

Mkata karatasi alifikiri. Kwenye ndevu zake, karibu na kona ya mdomo, kulikuwa na punje ya ufuta uliokaangwa, na mpishi aliiona. Ufuta! Hajawahi kumwekea ufuta.

"Vya kawaida," mumewe akarudia, kwa uso mkavu, "wala sikumaliza."

Alikuwa mwongo mbaya sana mtu yule, hajui hata pa kutazama. Mpishi alimfuta ile punje kwa kidole gumba, akaionja, akakubali kimoyomoyo kwamba imekaangwa sawasawa. Kisha akamwambia akanawe, chakula kiko tayari.